Bendi Nzima Kwenye Mkono wa Kushoto

Watu wanaoniuliza wanunue kinanda gani cha nyumbani karibu wote huanza na sauti. Kina sauti ngapi? Piano yake ikoje? Filimbi zake zinafanana na za kweli? Ni maswali ya haki, lakini mimi huwavuta kwanza upande wa kushoto, kwa sababu huko ndiko iliko thamani ya vyombo hivi. Nazungumzia vinanda vyenye bendi ndani: unabonyeza vidole vitatu kwa mkono wa kushoto, dramu zinaanza, besi inaingia, gitaa na vinanda vya nyuma vinajipanga, na ukihamia chodi nyingine (chodi ni noti kadhaa zinazolia pamoja) bendi yote inahama na wewe bila kukosa pigo. Mkono wa kulia unabaki huru kwa wimbo wenyewe. Mpiga muziki wa nyumbani, asiye na mpiga besi wala mpiga dramu wa kumgongea mlango saa tatu usiku, hana chombo kingine kinachomfaa kama hiki. Nimekipenda kiasi cha kutaka kujua kilitoka wapi, na kwa nini kinapiga polka ya Ulaya vizuri kuliko kinavyopiga sebene ya Kongo.

Anayeanza hahitaji hata vidole vitatu. Kwenye vinanda vya Yamaha, kidole kimoja juu ya C upande wa kushoto kinatosha kuleta chodi ya C meja. Ukiongeza kibao cheusi kilicho kushoto kwake inakuwa maina. Ukiongeza cheupe badala yake inakuwa chodi ya saba, na ukiongeza vyote viwili inakuwa maina saba. Mtoto wa darasa la nne anaweza kujifunza hayo asubuhi na jioni akamsindikiza bibi yake akiimba. Wapo walimu wa muziki wanaolidharau jambo hili, wanaliona ni udanganyifu. Sikubaliani nao hata kidogo. Nyumba nyingi hazina mtu wa kufundisha chodi, na yule aliyeanza na kidole kimoja ndiye baadaye anayeuliza kwa nini G saba inatamani kurudi C. Aliyekatazwa kugusa mpaka ajue nadharia haulizi kitu, maana keshaondoka zake kitambo.

Chimbuko la chombo hiki ni mtu aliyekuwa peke yake jukwaani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwenye klabu moja ya usiku huko Shinjuku, Tokyo, alikuwepo mpiga akodiani aitwaye Tadashi Osanai. Alikuwa akisindikizwa na mashine ya mapigo kutoka Marekani, Wurlitzer Sideman, iliyotoka 1959: kabati la mbao lenye diski inayozunguka ndani, diski hiyo ikipita juu ya vigusio vya umeme na kila mguso ukitoa pigo. Osanai hakuridhika nayo. Alimwendea mwenye klabu, Tsutomu Katoh, akamwambia anaweza kutengeneza iliyo bora zaidi akipata mtaji. Katoh akatoa fedha, na 1963 ikatoka mashine yao ya kwanza, Donca Matic DA-20. Kampuni waliyoianzisha ndiyo leo tunaiita Korg. Mjapani mwingine, Ikutaro Kakehashi, alikuwa akitengeneza mashine za mapigo za Ace Tone ambazo Hammond walizifunga ndani ya ogani zao. Huyu ndiye aliyekuja kuanzisha Roland mwaka 1972.

Wamarekani nao walikuwa na biashara kubwa ya ogani za sebuleni. Ogani ya umeme ya Laurens Hammond iliingia sokoni 1935, na 1950 kampuni yake ikatoa nyingine ndogo, iliyoitwa ogani ya chodi, yenye vitufe upande wa kushoto: kitufe kimoja, chodi nzima. Aliyewahi kuvaa akodiani begani anaijua hesabu hiyo. Kushoto kwa akodiani kuna safu za vitufe. Baada ya besi inakuja safu ya meja, kisha ya maina, kisha ya saba, na kidole kimoja kinatoa noti tatu. Vinanda vya leo vimerithi wazo lile lile, ila kidole kile sasa kinaamsha bendi.

Kwa hiyo sishangai kwamba sehemu kubwa ya ufundi wa vinanda hivi ilikulia Italia, tena si Italia yote bali mkoa mmoja, Marche. Mji wa Castelfidardo, karibu na bandari ya Ancona, umekuwa ukitengeneza akodiani tangu Paolo Soprani alipofungua karakana yake 1863. Mwaka 1946 watengenezaji watatu wa akodiani waliungana wakaunda Farfisa, na kufikia miaka ya 1960 Farfisa walikuwa wakiuza ogani za umeme duniani kote. Jirani tu na hapo, Osimo, ndiko waliko mafundi wa Korg waliobuni vinanda vya mfululizo wa Pa. Ketron wako Ancona. Roland nao walijenga tawi lao Acquaviva Picena, kusini zaidi mkoani humo humo, na mwishoni mwa miaka ya 1980 kikatoka huko kinanda cha E-20. Jina la Kijapani, mkono wa Kiitalia. Watu wa sehemu ile walikuwa wamezoea kuona mtu mmoja na akodiani yake akichezesha harusi nzima, kwa hiyo walijua mpigaji wa peke yake anataka nini: utangulizi wa kumpa nafasi ya kukaa sawa, kichombezo, yaani kipande kifupi cha kuingilia kiitikio, na mwisho unaokuja kwa kitufe kimoja ili asiachwe njia panda na waimbaji.

Hapo ndipo habari inapofika pwani yetu. Akodiani ni chombo cha taarab cha siku nyingi. Sikiliza Nadi Ikhwan Safaa au Culture Musical Club za Zanzibar, utaisikia ikipumua katikati ya fidla, ganuni na udi. Hapa Tanga, Black Star Musical Club waliingiza gitaa za umeme kwenye taarab miaka ya 1960, na tangu hapo hakuna mtu mwenye akili anayeweza kudai taarab haina haki ya kuvaa nguo mpya. Miaka ya 1990 ikawa zamu ya kinanda. Rusha roho, ile taarab ya kisasa ya kina East African Melody, na ule ushindani wa vikundi vya TOT na Muungano, Khadija Kopa huku na Nasma Khamis kule, ulisimama juu ya kinanda. Fidla tano na ganuni zikawekwa kando, na mtu mmoja akakaa nyuma ya vibao akizipiga zote.

Mjomba wangu alikuwa akipiga akodiani kwenye kikundi cha mtaani kwetu, na alihamia kinanda bila taabu. Mkono wa kulia ulikuwa umeshazoea vibao, mkono wa kushoto ulikuwa umeshazoea chodi ya kidole kimoja. Alichokilalamikia ni pumzi. Akodiani ina mivukuto: ukivuta polepole sauti inavimba, ukiachia inafifia, na mpigaji mzuri anaimba na mikono yake. Kinanda cha bei ndogo kilimpa sauti iliyosimama wima kama nguzo ya umeme, haipandi haishuki. Dawa yake ipo, ni kanyagio la kupandisha na kushusha sauti kwa mguu, lakini vinanda vidogo vingi vina tundu moja tu la kanyagio, nalo ni la kurefusha noti. Vya daraja la kati vina matundu mawili, na moja unaweza kuliamuru lifanye kazi ya sauti. Nikimshauri mtu wa taarab, hilo tundu la pili nalitaja kabla ya idadi ya staili, yaani mitindo ya bendi iliyomo ndani.

Lakini kilichopotea zaidi ya pumzi ni robo, zile sauti zinazokaa kati ya kibao na kibao. Kwenye makamu (mpangilio wa noti wa Kiarabu) ya Rast inayoanzia C, E na B hazikai juu ya kibao chochote. Zinakaa baina ya cheupe na cheusi. Mpiga fidla anazipata kwa kusogeza kidole unywele mmoja, na mwimbaji aliyekulia na muziki ule anazipata bila kufikiri. Kinanda cha kawaida hakina mahali hapo pa katikati, kwa hiyo wapigaji wetu walilazimika kuchagua: ama E ya piano, ama E flati. Masikio ya kizazi kizima yakafuata kinanda. Leo ukimpa kijana anayeimba taarab ya kisasa sauti ya robo, anadhani ganuni imelegea nyuzi.

Jambo hili linaniuma kwa sababu halikuwa la lazima. Watengenezaji walilisikia soko la Waarabu mapema. Korg nyingi za Pa na Yamaha za mfululizo wa PSR-A zimewekewa njia ya haraka ya kushusha kibao chochote senti 50, yaani robo kamili, ukiwa katikati ya wimbo. Ndiyo maana mpiga kinanda wa Syria kama Rizan Sa'id, aliyemsindikiza Omar Souleyman kwenye harusi nyingi kabla dunia haijawajua, anaweza kupiga mistari ya zurna na mijwizi, zumari za huko, kwa chombo cha umeme na bado muziki ukabaki wa kwao. Na hata Yamaha za kawaida za daraja la kati, zile zilizojaa hapa kwetu, zina ukurasa wa kupanga mizani ya noti kumi na mbili, kila moja kivyake. Wapigaji wengi wa taarab niliokaa nao walikuwa hawajawahi kuufungua. Ukiufungua, ukashusha E na B, ukapiga istihbari fupi (upigaji wa kubuni papo hapo) kwa sauti ya udi, utajua nimekuwa nikisema nini.

Nirudi kwenye staili, maana huko ndiko biashara ilipo. Kampuni inakuuzia kinanda mara moja, lakini kinachoamua kama kitakaa sebuleni au uvunguni ni kama kinapiga muziki unaoujua. Vya mwanzo vilikuwa na mapigo machache ya jumla: rock, waltz, bossa nova, swing. Casio walipoingia na Casiotone 201 mwaka 1980, kisha vinanda vidogo vya bei nafuu zaidi, walimwajiri msichana aliyetoka kusomea muziki, Okuda Hiroko. Yeye ndiye aliyetunga mapigo ya kinanda kidogo cha MT-40 kilichotoka 1981. Pigo lake moja la rock, besi na ngoma tu, lilifika Jamaica, na 1985 Wayne Smith akaimba juu yake kwa mtayarishaji King Jammy. Wimbo huo, "Under Mi Sleng Teng", uligeuza muziki wa reggae kuelekea kompyuta, na wengi wametumia mapigo yake tangu siku ile. Kinanda kilichokusudiwa sebule ya mtu anayejifunza kikaamua mwelekeo wa muziki wa taifa lingine. Okuda alifanya kazi ndogo vizuri, na ikafika mbali.

Mataifa mengine hayakusubiri bahati. Indonesia kuna kazi inayoitwa organ tunggal, mtu mmoja na kinanda chake kuchezesha harusi nzima ya dangdut, muziki wa dansi wa huko, na wapigaji ni wengi mno hata kampuni hazina budi kuwasikiliza. India imetengenezewa Yamaha zenye tabla na staili za huko. Uturuki na nchi za Balkani zina matoleo yao ya Korg. Ukiwasha kinanda cha kawaida kinachofika bandari ya Dar es Salaam, unakutana na muziki wa dansi wa Wajerumani, polka, muziki wa country wa Marekani, mambo ya Cuba, na muziki wa Afrika ni wa kutafuta kwa tochi. Ukiupata, ni wa mtu aliyeusikia kwa mbali. Ngoma zipo, lakini gitaa halipo mahali pake, na Afrika Mashariki na Kati isiyo na gitaa si yetu.

Kwa nini sebene ni ngumu kwa kinanda? Hapa naomba msomaji anivumilie, maana ndipo utamu ulipo. Staili ya Yamaha ni faili dogo lenye sehemu zake: utangulizi, sehemu kuu nne ziitwazo Main A hadi D, vichombezo vya kati, na mwisho. Kila sehemu ina njia nane: mbili za mapigo, moja ya besi, mbili za chodi, moja ya sauti ndefu za nyuma, na mbili za vipande vya melodi. Anayeitengeneza hurekodi kila kitu kwenye chodi moja tu, kwa kawaida C meja saba, kisha anaandika kanuni ya kila njia: ukiambiwa uhame, hama hivi. Unapobonyeza F, kinanda kinasoma kanuni na kuhamisha njia zote papo hapo.

Kanuni kubwa ni mbili. Kwa ya kwanza, kipande chote kinapanda kama kilivyo, umbali wa kutoka C hadi F. Kwa ya pili, kila noti inabaki karibu na ilipokuwa na kusogea kidogo tu ili iingie kwenye chodi mpya. Ya kwanza inafaa besi na melodi, ya pili inafaa chodi za piano. Sasa lete sebene: mzunguko unaojirudia, mara nyingi chodi ya kwanza, ya nne, ya tano, na kurudi ya nne, na juu yake gitaa tatu zinazofumana, rithimu, mi-solo na solo. Mi-solo ikifika kwenye chodi ya nne haipandishi kile ilichokipiga kwenye ya kwanza. Ina kifungu chake kingine, noti nyingine zinabaki pale pale, nyingine zinashuka, na kifungu hicho kimeshikana na cha solo. Ukitumia kanuni ya kwanza, gitaa linaruka kwa kishindo kila chodi inapobadilika. Ukitumia ya pili, melodi inavunjika mifupa. Yamaha walipotoa Tyros3 mwaka 2008 waliongeza kanuni za gitaa, zinazopanga noti jinsi vidole vinavyozishika shingoni mwa gitaa. Zilisaidia sana staili za kukwangua nyuzi zote. Sebene ni ya kudonoa, uzi mmoja baada ya mwingine.

Ufumbuzi waliouvumbua wapigaji wetu nauheshimu sana. Wanarekodi mzunguko mzima, chodi zote, ndani ya Main. Wakati wa kupiga wanashikilia chodi moja tu kwa mkono wa kushoto, na bendi inazunguka yenyewe, gitaa zikiwa zimefumana kama mpiga gitaa alivyozifuma. Wimbo ukitoka nje ya mzunguko huo unakwama, kwa hiyo Main A na B zinaachwa za kawaida kwa ajili ya beti, na mzunguko wa sebene unawekwa C na D. Ukifika wakati wa kucheza, unabonyeza kitufe kimoja na ukumbi unainuka. Huo ni uhandisi hasa, umefanywa na watu wa hapa hapa kwa kusikiliza na kujaribu, na mikutano ya injili inauona kila Jumapili bila kujua jina la aliyeufanya.

Faili hizi sasa zina soko lake. Zinapita kwenye makundi ya WhatsApp, zinalipiwa kwa simu, zinabebwa kwenye flashi kutoka kanisa hadi kanisa, kutoka Kongo hadi Uganda hadi huku. Kenya wasanii wa mugithi, muziki wa Wakikuyu, wanajaza kumbi mtu mmoja na gitaa lake, mapigo yakitoka kwenye mashine, na ohangla ya Waluo ya siku hizi ni vigumu kuisikia bila kinanda. Ninachokichukia ni faili la mtu kubadilishwa jina na kuuzwa na mwingine. Kutengeneza staili moja ya maana ni kazi ya jioni nyingi. Mnunuzi naye ajue kwamba staili iliyotengenezwa kwa kinanda fulani huita sauti kwa namba zake. Ukiiweka kwenye kinanda kingine, gitaa linaweza kugeuka banjo na tumba zikawa kengele. Haijaharibika. Fungua ukurasa wa kuchanganya sauti, pita njia moja baada ya nyingine, uchague sauti ya karibu iliyopo kwako, kisha uihifadhi kwa jina jipya.

Hii ndiyo sababu ushauri wangu wa kununua hauwafurahishi wenye maduka. Vinanda vidogo vipya vya mfululizo wa PSR-E ni vyema kwa kujifunzia, vinatumia hata betri umeme ukikatika, lakini havina sehemu ya kutengeneza staili. Kwa fedha ya kipya cha daraja la chini, au ukiongeza kidogo, unaweza kupata Yamaha ya mtumba kama PSR-S700 au S900, zilizotoka 2007, au Korg ya Pa ya zamani, na zote hizo zina mahali pa kurekodi staili yako mwenyewe, njia kwa njia. Kuchukua kipya kinachong'aa kisichoweza kujifunza muziki wako ni kujifunga.

Ukienda Kariakoo kukitafuta, angalia adapta kwanza. Yamaha ndogo hutumia volti 12 na katikati ya plagi ni chanya. Casio nyingi za zamani hutumia volti 9, na katikati ni hasi. Adapta za kubadili vichwa zinazouzwa barabarani hazikuulizi lolote, na ukichomeka kinyume unaweza kukiunguza kinanda kabla hujakilipia. Zile Yamaha za daraja la kati nazo zinataka volti 16. Kisha bonyeza kila kibao, kimoja kimoja, kwa upole na kwa nguvu, hata kama muuzaji anakuharakisha. Chini ya kila kibao kuna vikombe vya mpira vyenye vigusio viwili vya kaboni, na kinanda hupima muda kati ya mguso wa kwanza na wa pili ili kijue umepiga kwa nguvu gani. Vumbi au hewa ya chumvi ikiingia, mguso mmoja unakufa: kibao kinanyamaza, au kinapiga kelele hata ukikigusa taratibu. Sisi wa Tanga tunaujua ugonjwa huu vizuri. Fundi anayejua kazi atapangusa kaboni kwa kitambaa laini na spiriti kidogo. Akitoa msasa, mnyang'anye kinanda chako. Changu nakifunika kwa khanga nene kila ninapomaliza, na dirisha la upande wa bahari nalifunga.

Huko juu kabisa sokoni mambo yamekuwa ya wachache. Yamaha walitoa Tyros ya kwanza 2002, wakaenda nayo hadi Tyros5, kisha Genos 2017 na Genos2 mwaka 2023. Bei ya Genos2 ni zaidi ya dola 5,000, fedha ambayo hapa inanunua bodaboda kadhaa mpya. Technics waliacha kutengeneza vinanda baada ya KN7000. Generalmusic wa Italia walifilisika. Roland walifunga kiwanda chao cha Acquaviva Picena. Wanunuzi wakubwa wa Ulaya ni wazee waliokulia na ogani za sebuleni, na vijana wa kule wanatengeneza muziki kwa kompyuta. Nasikia vijana wa hapa nao wakisema kinanda chenye bendi kimepitwa na wakati, biti inatengenezwa kwenye simu, inachezwa, kwisha.

Waende kwenye harusi ya taarab wakaangalie kutunza. Mwimbaji yuko kwenye ubeti wa tatu, mara shangazi wa bibi harusi anainuka na noti mkononi, anakuja kwa madaha, nyuma yake wengine saba. Mwimbaji hawezi kuendelea na ubeti wa nne. Anarudia mstari ule ule unaompendeza shangazi, anautaja ukoo wake, anazunguka. Biti ya simu haimsubiri mtu, dakika zake zikifika inaisha. Kinanda kinakaa kwenye Main B hata robo saa, mpigaji anatazama miguu ya wanaokuja, na shangazi wa mwisho akishafika kiti chake ndipo anabonyeza kichombezo na ubeti wa nne unaingia. Kanisani ni vivyo hivyo: mzee anaanzisha pambio kwa sauti yoyote iliyomjia, mpigaji anasogeza ufunguo kwa kitufe, na ibada inaendelea. Muziki wetu mwingi ni wa kusubiriana.

Kwa sasa ninajenga staili ya chakacha, ngoma ya kina mama wa pwani. Ngoma zake ni msondo, chapuo na vumi: msondo nimeuweka kwenye tumba ya chini, chapuo kwenye tumba ya juu iliyo wazi, na vumi nimelitafutia ngoma nzito ya chini kabisa ya dramu, nikaishusha zaidi na kuifupisha mwangwi. Kinanda kinapenda kuyanyoosha mapigo yakae sawa kama mstari wa rula, na chakacha hainyooki, chapuo inaingia nyuma kidogo ya pale inapotarajiwa, kwa hiyo nimezima kunyoosha na ninapiga kwa mkono mpaka ikae. Main A na B zimekamilika. C, ya wakati kina mama wanapozidisha kiuno, bado vumi halijanikalia vizuri. Mwenye kulijua pigo hilo kama lilivyopigwa Lamu au Mombasa zamani, anirekodie kwa simu hata dakika moja anitumie. Nikimaliza nitaliweka faili hapa, bure, pamoja na maelezo ya kila njia ili kila mtu alirekebishe kwa kinanda chake.